Dada, Zablon Nimemmaliza

Tororo,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwasiti,

Shikamoo, na mwangaluka kwa wote wa nyumba hiyo. Barua hii nampa dereva wa lori anayeshuka na mzigo hadi Mwanza, naye ameahidi kumkabidhi mwenzake wa Tabora, kwa hiyo ikikufikia ina harufu ya dizeli usishangae. Isome ukiwa umekaa. Usiisome huku unapepeta mchele kama ile ya mwaka jana, ukaruka mistari halafu ukanipigia simu kuniuliza mambo niliyokwisha kuyaandika.

Mgongo unaendeleaje? Shemeji ameacha ubishi akaenda kupimwa kifua, au bado anajitibu kwa tangawizi? Na Baba je? Dawa zake za presha anameza au bado anazificha chini ya godoro? Nauliza kama siku zote, na najua utanijibu wewe, si yeye.

Mimi mzima. Ugali wa huku ni wa wimbi, yaani ulezi, uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, na siku za kwanza tumbo lilinigomea, lakini sasa nikiukosa naona kama sijala. Mvua zimeanza. Majani yamepanda uwanjani kwetu hadi wachezaji wanautafuta mpira kama watu wanaotafuta yai la kuku. Haya, hayo yametosha. Nikupe lililonikalisha chini na kalamu: Zablon nimemmaliza.

Ndiyo, Zablon yuleyule. Kisa chetu unakijua, lakini nakiandika tena chote, kwa sababu utamsomea Baba, na Baba hunyanyuka akatoka nje kabla hujafika katikati. Leo mfungie mlango.

Tulikuwa mabeki wa kati wawili, mimi na yeye, kule Mwanza. Yeye Msamia wa Busia, mgeni, ndiye nahodha. Mimi Mnyamwezi niliyemwonyesha pa kupanga chumba na pa kunywa chai. Misimu mitatu tulikula sahani moja. Kazi yetu ilikuwa hivi: mshambuliaji akijipenyeza nyuma yetu, Zablon anaita "Panda!", na mabeki wote tunapanda pamoja, yule jamaa anabaki ameotea. Mwenye kuita ni nahodha peke yake. Ukipanda bila kuitwa umeiua timu, na ukiitwa usipopanda umeiua vilevile. Mechi ya mwisho ya msimu sare ilikuwa inatutosha. Dakika zinayoyoma, nikasikia "Panda!" kwa masikio yangu haya mawili. Nikapanda na mkono juu. Zablon akabaki palepale aliposimama, na mshambuliaji akapita katikati yetu kwenda kufunga.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo viongozi wakauliza nani aliita. Zablon akanitazama usoni, akasema, "Mimi sikuita. Rama kapanda mwenyewe." Basi. Maneno machache kuliko ya kuagiza soda. Gazeti likatoa picha yangu nimenyoosha mkono huku yule mtu ananipita, na watu wakasema, tazameni, anawaaga wateja wake. Nikafukuzwa kwa kosa la kuuza mechi. Zablon akachukuliwa na timu kubwa ya Dar es Salaam, nikamwona kwenye televisheni ya mgahawani akiwa amevaa suti.

Nanyi huko nyumbani mkaandikiwa matusi ukutani kwa mkaa, ukasugua hadi vidole vikachubuka. Baba, refa aliyepuliza filimbi wilaya nzima bila kunywa hata maji ya timu mwenyeji, akaniambia neno moja kwenye simu, kwamba yeye hana mtoto wa aina hiyo, akakata. Ni miaka kumi na miwili sasa. Sijasikia sauti yake tena, isipokuwa anapokohoa karibu yako tunapoongea.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyomngojea mwenzake. Kiwandani kwa samaki Mwanza, nilikokuwa nabeba mabarafu, dereva mmoja aliniambia kuwa Zablon amerudi kwao Busia, ni kocha, anaheshimika, akipita sokoni wanamwachia njia. Siku hiyo hiyo nikaanza kutafuta kozi ya ukocha. Nyinyi mlidhani nimepata akili ya maisha. Mkanipongeza. Shemeji alisema hatimaye Rama ametulia. Sikutulia, dada. Nilikuwa natafuta cheti cha kunikalisha benchi la upande wa pili, kumkabili Zablon.

Tororo nilikuja kwa sababu ni jirani na Busia na timu ya hapa ilikuwa haina kocha. Mwenyekiti wetu ni Hajji Siraji, mwenye malori, mtu mwema, alinipa chumba nyuma ya gereji yake. Nikaanza kazi ya mabeki. Nilichukua kamba, nikawafunga wanne kiunoni kwa pamoja, kama ng'ombe wa kulimia, nikawaambia wapande na kushuka mpaka wasahau kuwa ni watu wanne. Akichelewa mmoja wanaanguka wote. Mara ya kwanza watu walikuja kucheka. Mwezi wa pili hawakucheka tena. Aliyekuwa anaita ni nahodha wetu, Okoth, Mudhola, kabila la hapa, mzaliwa wa Nabuyoga, mrefu, mpole, ana sauti ya muadhini japo ni Mkatoliki. Nilimpenda yule kijana kama ningempenda mwanangu, na mama yake alikuwa hakosi kunitumia karanga na simsim, ule ufuta wetu, kila akija mjini.

Tulipocheza na Busia mara ya kwanza, Zablon alinijia mbele ya jukwaa zima, mikono ameifungua, akanikumbatia. "Mwalimu Rama! Ndugu yangu wa Mwanza!" Watu wakapiga makofi. Nikanusa manukato yake. Nilitabasamu, dada, meno yote nje, na moyoni nikasema, cheka tu. Mechi iliisha bila kufungana. Nikirudi nilitafakari nikaona kwamba hata ningemfunga mabao saba isingenitosha. Mtu hufungwa Jumamosi, Jumatatu ananyoa ndevu kama kawaida. Nilitaka anyang'anywe kitu ambacho hakirudi, kama mimi.

Kitu chenyewe nikakipata kwa bahati. Jumapili moja nilikwenda Busia, nikavuka kwa miguu upande wa Kenya kutafuta viatu vya mtumba vya wachezaji. Nyuma ya soko kulikuwa na mechi. Nikasimama kutazama, si unajua ugonjwa wangu. Mshambuliaji aliyekuwa anawika pale nilimjua hata mwendo. Jana yake alicheza na sisi upande wa Uganda akiwa na timu ya Zablon, anaitwa Barasa. Leo mtangazaji anamwita Wafula, na watu wanamshangilia Wafula. Nikatazama vizuri. Walikuwa watano. Watano wa Zablon, kila mmoja ana jina la pili na kitambulisho cha pili.

Kwa wenyeji hilo si jambo. Wanaitwa watu wa pande mbili. Baba yuko huku, wajomba wako kule, shamba huku, shule kule, na mchezaji anacheza Jumamosi na Jumapili kama anavyokula kwa mama na kwa bibi. Sheria ya ligi inakataza, karatasi iko wazi kabisa, lakini makocha wote wamekubaliana bila kukaa kikao kwamba hakuna anayemshtaki mwenzake. Mgeni hafundishwi jambo hilo, anatakiwa alione mwenyewe na anyamaze. Mimi niliona. Nikarudi Jumapili tatu nyingine na simu yangu, nikapiga picha za sura, za jezi, za fomu za majina. Niliyafanya yote kwa furaha kama mtu anayefunga mizigo ya harusi.

Lilikuwa limebaki tatizo moja. Okoth wangu naye alikuwa wa pande mbili. Mjomba wake ana timu kule ng'ambo, anamchezea chini ya jina la ukoo wa mama. Ningepeleka mashtaka nikiwa na mtu wa aina hiyo kikosini, wangenicheka. Kwa hiyo nikamwita baada ya mazoezi, nikamwambia avue kitambaa cha unahodha na asirudi.

"Kocha, mimi nakosa nini?" akaniuliza.

"Una majina mawili."

"Lakini kocha, hiyo kitu watu yote hapa nafanya. Hata wewe najua. Wewe nakuja kwetu, nakula, mama naniita kwa jina yangu ya kule, wewe nacheka."

Ni kweli nilicheka siku hiyo. Alikunja kitambaa vizuri, akaniwekea mkononi, akaenda. Kesho yake kamba ikafungwa viuno vitatu na cha nne kipya, wakaanguka asubuhi nzima. Mama yake hajatuma karanga tena.

Nikapeleka mashtaka kwa kamati ya ligi Jumatatu. Habari Busia haihitaji redio. Alhamisi mchana, nimeketi mlangoni nakula, nikamwona Zablon anaingia uani kwa miguu, peke yake, amebeba jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Kwao mtu akikuletea jogoo amejishusha hadi mwisho. Nikampisha chumbani, akamweka sakafuni katikati yetu, akakaa kwenye ndoo niliyoigeuza, na jogoo akawa anatutazama kwa zamu. Goti la Zablon halikunjiki, dada. Aliunyoosha mguu kama gongo.

Hayo yanayofuata nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza.

Alisema: "Rama, mimi nakuja na heshima. Ile siku ya Mwanza mimi ndiye niliita. Uliitwa, ukapanda, ulikuwa sawa. Mimi ndiye sikupanda. Goti ilikuwa imekufa. Wiki tatu nilikuwa nacheza na sindano na hakuna mtu anajua. Nikaita, nikataka kupanda, mguu ikakataa. Wakiuliza, kama nasema ukweli, wanajua goti, na ile timu ya Dar hawanichukui. Basi nikakuuza wewe. Mechi hakuna mtu aliuza. Mimi sikuuza, wewe hukuuza. Hakuna."

Dada, miaka kumi na miwili nilimwaza kama mtu aliyekula rushwa. Nilikuwa nimemjengea mpaka nyumba aliyojenga kwa rushwa hiyo, na bati zake. Kumbe goti. Nilidhani nitasikia nafuu. Nilipandwa na hasira ambayo hata uwanjani sijawahi kuwa nayo. Mla rushwa angalau alifanya biashara. Huyu alinitupa ili mwendo wake uonekane mzuri mbele ya wanunuzi.

Kisha akaleta lake. Alisema, "Nasikia mzee wako hasemi na wewe. Leta simu. Namwambia sasa hivi, mimi mwenyewe, mbele yako. Hata naandika karatasi, naweka sahihi. Wewe unaondoa tu hiyo mashtaka. Watoto watano hawa, Rama, na mimi. Sijui kazi nyingine. Kwa hii mguu siwezi lima."

Nikatoa simu. Nikatafuta jina lako. Nikabonyeza. Ile simu yangu ya Alhamisi iliyoita mara moja ikakatika, ukaniuliza baadaye nikasema ni mtandao, haikuwa mtandao. Nilikata mimi. Zablon alikuwa ameshaunyoosha mkono kuipokea, na nilipouona ule mkono wake umetulia, hautetemeki, mkono wa mtu anayejua kwamba bidhaa yake lazima inunuliwe, nikashindwa. Sitakudanganya kwamba nilifikiria sheria au haki. Nilitaka aanguke kuliko nilivyotaka kusafishwa. Nikamwambia, "Chukua jogoo wako."

Kukataa jogoo kwao ni tusi lisilo na dawa, najua, ndiyo maana nililitumia. Akainuka kwa shida, sikumpa mkono. Akambeba jogoo wake kwapani, akatoka, na wanawake wa gereji wakasimama kumtazama kocha wa Busia anarudi na zawadi yake.

Jana kamati ilikaa. Nilivaa shati jeupe. Nikaweka picha mezani moja moja, na kila nikiweka moja mwenyekiti wa kamati alikuwa anaangalia dirishani, kwa sababu naye ana wapwa ng'ambo. Lakini karatasi ilikuwa wazi. Wale watano wamefungiwa msimu mzima. Zablon amenyang'anywa leseni, hatafundisha timu yoyote huku, wala ya shule, maisha yake yote, na wenzao wa kamati ya upande wa Kenya wataandikiwa barua. Niliisikiliza hukumu polepole kama mtu anayekula nyama ya kwenye mfupa.

Nje alikuwa amesimama kwenye ngazi, anashuka mguu mmoja mmoja. Akasema bila kugombeza, "Kocha, umeshinda. Lakini ile maneno ya baba yako, mimi nakufa nayo. Mtu akiniuliza, nasema sikuita." Nikacheka. Nilicheka hadi stendi ya bodaboda, na nilipofika Tororo nikaagiza samaki mzima, nikamla hadi macho.

Ndiyo, nina furaha. Usiniombee dua ya kutubu, kwa sababu ningerudishwa Alhamisi ningeikata tena ile simu. Ameonja kidogo tu ya yale niliyoyaonja mimi. Yeye angalau yuko kwao, ana kaka zake, ana shamba la mihogo hata kama atalilima kwa mguu mmoja.

Leo alfajiri nimekwenda uwanjani kama kawaida na kamba yangu. Hakuja mtu. Nimengoja mpaka jua limetoka upande wa ule mwamba mkubwa wa Tororo, ndipo akaja Hajji, na kofia yake, akasimama mbali kidogo.

"Bwana Rama," akasema, "mpaka iko kwa karatasi. Watoto yetu nalala huku, nakula kule. Wewe naleta askari ndani ya nyumba. Maliza mwezi, kisha tafuta pahali."

"Hajji, sheria ni sheria," nikamwambia.

"Sheria, ndiyo. Lakini wewe hukuja kwa sheria. Wewe nakuja kwa Zablon." Akaniuliza kama nimekunywa chai, nikasema bado, akasema basi nikanywe kwake, mke wake ameshachemsha. Huo ndio wema unaonikera, kwa sababu siwezi kuukasirikia. Nimekunywa chai yake, na sasa nimekaa chumbani nakuandikia.

Kwa hiyo nitaondoka hapa, sijui kwenda wapi. Nyumbani siji, usiniandalie kitanda. Kocha aliyewashtaki watu wa mpakani hatapata timu upande wowote wa mpaka, na kwetu mimi bado ni yule wa kwenye picha na mkono juu. Nilipofikia hapo, huku nakoroga chai ya watu, ndipo akili ilipokuja. Zablon peke yake ndiye aliyekuwa na neno la kunirudisha mezani kwa Baba, na mimi nimemfunga mdomo kwa mikono yangu.

Nisalimie shemeji, mwambie kifua si cha kuchezea. Msalimie mjomba fundi baiskeli na mkewe. Shangazi wa Urambo mwambie kanga zake nilizipata na nimezigeuza mapazia. Mwanao anayesomea ualimu mwambie asikubali kamwe kuwa kocha. Majirani wale waliobaki kuwa majirani wape salamu, na wale wengine unawajua.

Baba leo usimpe salamu zangu. Badala yake msomee pale Zablon aliposema yeye ndiye aliita, polepole, mara mbili ikibidi. Nilikuwa na simu inayonasa sauti mkononi na sikuiwasha. Chumbani tulikuwa wawili, na mmoja amekwisha kuapa kwamba atakana. Ushahidi wote uliobaki ni mwandiko wangu huu, na Baba kwa maisha yake yote ya filimbi hakuwahi kupokea neno la mchezaji anayetuhumiwa. Msomee hivyo hivyo, dada.

Mdogo wako,
Ramadhani